KUMBUKUMBU YA MWANAMFALME LOUIS RWAGASORE (1932–1961)



Kila tarehe 13 Oktoba Warundi hukumbuka kifo cha Mwanamfalme Louis Rwagasore. Vijana wengi waliokulia kambini wanalijua jina lake tu. Ni vema basi tueleze kwa kifupi maisha yake na kazi aliyoifanya.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa IV. Nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji, walioitwaa kwa Wajerumani mwaka 1916. Utawala wao uliwalemea wananchi: kodi, kazi za lazima, kahawa ya lazima, na kiboko kwa mkaidi. Mwaka 1934 watu wa Ndora waliasi wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa Inamujandi, wakazimwa kwa nguvu. Wengine walivuka mpaka kutafuta kazi Tanganyika na Uganda. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini kila kilima kilinung'unika peke yake.

Rwagasore alisoma Astrida, mji unaoitwa leo Huye nchini Rwanda, kisha Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 hakuanza na siasa bali na biashara. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Usumbura, akaungwa mkono na Waswahili wa mtaa wa Buyenzi. Ushirika ulipata shida za fedha, na wakoloni waliutilia shaka. Hata hivyo uliwakutanisha watu ambao hapo awali kila mmoja alikuwa na lake.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Rwagasore na wenzake waliunda chama cha UPRONA, kilichodai uhuru upesi chini ya Mwami. Wahutu, Watutsi na Waganwa walikuwemo. Alikuwa pia na urafiki na Mwalimu Julius Nyerere wa TANU. Wabelgiji walipendelea chama cha PDC, kilichoongozwa na watoto wa Chifu Baranyanka. Mwaka 1960 walipiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushiriki siasa, na Oktoba wakamweka Rwagasore kizuizini. Uchaguzi wa tarafa ukafanyika yeye akiwa kizuizini, PDC ikapata viti vingi zaidi. Alifunguliwa Desemba, kura zilipokwisha kupigwa.

Hakuwaambia wafuasi wake washike mapanga. Umoja wa Mataifa ulisimamia uchaguzi mpya tarehe 18 Septemba 1961, na UPRONA ikashinda viti 58 kati ya 64. Wabunge wake Wahutu na Watutsi walikaribiana kwa idadi. Baada ya ushindi aliwahimiza wananchi watunze amani na nidhamu, na kuahidi kwamba serikali itapimwa kwa matendo yake. Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu.

Serikali hiyo aliiongoza kwa wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa kwenye chakula katika hoteli ya Tanganyika mjini Usumbura, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis. Alikuwa na miaka 29. Mahakama ilithibitisha kwamba viongozi wa PDC walihusika katika njama hiyo.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, André Muhirwa akiwa Waziri Mkuu. Lakini ndani ya UPRONA ulizuka ugomvi wa uongozi kati ya Muhirwa na Paul Mirerekano, nao ukachukua sura ya ukabila. Yaliyofuata wazee wetu wanayajua, na sisi tulio hapa ni matokeo yake.

Tunajifunza nini? Kwanza, manung'uniko hayajengi nchi mpaka watu wayalete pamoja na kuyageuza kuwa kazi na kura. Pili, kura peke yake haitoshi kama aliyeshindwa hakubali. Risasi moja ilitosha kuharibu kazi ya miaka mitano. Nasi tunapochagua viongozi wa vijiji na wa kanda humu kambini, tujizoeze: aliyeshinda asijivune, aliyeshindwa ampe mkono. Anayeshindwa kulifanya hilo kambini hataliweza siku atakaporudi nyumbani.

Mungu aiweke roho yake mahali pema peponi.

Mwalimu, kwa niaba ya Kamati ya Jamii