Leonardo da Vinci: Kidole kilicholainisha rangi, farasi aliyeishia kupigwa mishale

Programu nyingi za kuchorea kwenye simu zina alama ya kidole. Ukiipitisha kwenye mchoro wa farasi, kivuli cha tumbo kinayeyuka taratibu kuelekea mwanga wa mgongoni. Unaweza kudhani ni mambo ya juzi. Kumbe Leonardo da Vinci alilainisha rangi kwa kidole chake mwenyewe, zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Alizaliwa nje ya ndoa Aprili 15, 1452, huko Vinci, Italia, akajifunzia kazi Florence kwa fundi Verrocchio. Kwenye picha ya Ginevra de' Benci, aliyoichora akiwa bado kijana, alama ya kidole ipo kwenye rangi mpaka leo.

Mtindo wake unaitwa sfumato, neno la Kiitaliano linalotokana na moshi. Yaani ukingo haukatiki, unafifia tu. Kwenye uso wa Mona Lisa alipaka tabaka juu ya tabaka, kila moja jembamba kuliko unywele.

Miaka ya 1480 akahamia Milan. Mtawala Ludovico Sforza akamtaka atengeneze farasi mkubwa wa shaba nyeusi, kumbukumbu ya baba yake, Francesco. Leonardo hakukurupuka. Aliingia kwenye mabanda ya farasi, akapima miguu, shingo na kifua, akaandika vipimo pembeni ya michoro. Kulainisha kulikuja baadaye. (Goti likikaa vibaya, usugue kivuli mpaka kesho, farasi atabaki kilema.)

Mwaka 1493 mfano wa udongo, wenye kimo cha zaidi ya mita 7, ulionyeshwa Milan, watu wakashangaa. Zikabaki kumiminwa tani 70 hivi za shaba. Mwaka uliofuata vita ikanukia, shaba yote ikaenda kutengenezea mizinga.

Mwaka 1499 jeshi la Ufaransa likaiteka Milan. Wapiga mishale wake wakamgeuza farasi yule shabaha ya mazoezi. Kazi ya zaidi ya miaka 10 ikabomoka hivihivi.

Leonardo alifariki Mei 2, 1519, Amboise, Ufaransa, akilipwa na mfalme wa nchi ileile ambayo askari wake walimvunjia farasi. Zilizobaki ni karatasi tu. Nyingi zimehifadhiwa Windsor, Uingereza.