Chuma Aenda Bombay

Chuma alizaliwa katika kabila la Wayao, karibu na ziwa Nyasa. Alipokuwa mtoto, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1861 walikuwa wakimpeleka kumwuza, yeye na watu wengi waliofungwa miti shingoni. Njiani wakakutana na Bwana Livingstone na wenzake. Wale wafanya biashara wakakimbia, na Chuma akafunguliwa.

Mwaka 1864 Livingstone alitaka kuuza merikebu yake ndogo ya moshi. Lakini hakukubali kuiuza Unguja, maana aliogopa kwamba itachukua watumwa. Basi akakata shauri kuvuka bahari mpaka Bara Hindi, na Chuma akaenda naye. Makaa ya moto yalikuwa machache, na majira ya tufani yalikuwa karibu. Mara nyingi upepo ulikoma, merikebu ikakaa tu juu ya maji. Baada ya siku 45 wakafika Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai.

Lo, mji mkubwa! Merikebu zilijaa bandarini kama miti mwituni. Wapagazi walipakia marobota ya pamba ya kwenda Ulaya, wakashusha pembe za ndovu zilizotoka Afrika. Wahindi, Waarabu na Wazungu walisongamana njiani. Tena palikuwa na gari la moshi, tangu mwaka 1853.

Livingstone akaenda Uingereza, akamwacha Chuma katika shule ya wamisionari. Huko akajifunza kusoma, kuandika na kusema Kiingereza. Mwaka 1865 akabatizwa, akaitwa James.

Mwaka 1866 Chuma akarudi Afrika pamoja na Livingstone, ijapokuwa biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Walitembea miaka 7. Walifika hata Manyema katika Kongo, kwenye mto Lualaba. Mwaka 1873 Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo. Chuma, Susi na wenzao hawakumtupa. Walikausha maiti yake, wakaichukua miezi 9 mpaka Bagamoyo, na vitabu alivyoandika pia. Mapadri wa Bagamoyo wakawapokea.

Halafu Chuma na Susi wakaitwa Uingereza kueleza habari za safari ile. Siku hizo masomo ya Bombay yalimfaa Chuma sana. Baadaye akawa kiongozi wa misafara mikubwa. Alikufa Unguja mwaka 1882.

Watoto, yule aliyefungwa mti shingoni ndiye aliyewaongoza wengine njiani.