Watu wa Miti: Jina Lililozaliwa Kenya

Kila mvua za masika zinapoanza, shule za Nakuru, Njoro, Molo na Elburgon huletewa miche ya miti. Mashimo huchimbwa, wageni waheshimiwa hupigwa picha wakiwa wameshika majembe, na idadi ya miche iliyopandwa huandikwa daftarini. Idadi ya iliyo hai baada ya miaka mitatu aghalabu haiandikwi popote. Tangu Desemba 2022 taifa lina azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, nami sina ugomvi na azma hiyo. Naona tu kuwa ni vyema walimu na wanafunzi wakajua habari za mtu aliyelikabili suala hili katika nchi hii zaidi ya miaka 100 iliyopita, akaanza kwa kuwaapisha watu kabla ya kuhesabu miche.

Richard St. Barbe Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa na bustani ya miche. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan na kufanya kazi katika kambi ya wakataji magogo. Huko aliona miti ikikatwa ovyo, na udongo wa mbuga zilizolimwa na kuondolewa miti ukipeperushwa na upepo. Vita Vikuu vya Kwanza vilimjeruhi. Baadaye alisomea misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kuwa afisa msaidizi wa idara ya misitu.

Kenya aliyoikuta ilikuwa ikila misitu yake kwa pupa. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na magarimoshi yake yalichoma kuni. Ewart Grogan alikuwa amejipatia haki ya kukata mbao katika eneo kubwa la msitu wa Lembus, karibu na Eldama Ravine. Walowezi walikuwa wamejigawia nyanda za Njoro na Molo, na Waogiek, ambao Mau ilikuwa kwao tangu enzi za mababu, walihesabiwa kuwa wavamizi. Serikali iliyoyatenda haya ndiyo iliyomwajiri Baker, wala tusimtenge nayo kwa sababu tu yeye alikuwa mpole.

Hata hivyo alitambua jambo ambalo wenzake hawakulitambua. Alipowashauri wazee wa Kikuyu wapande miti, walimjibu kuwa hiyo ni kazi ya Mungu. Baker hakuwakejeli. Alijua kuwa kupanda maharagwe kuna ngoma yake na mavuno yana ngoma yake, basi kwa nini miti isiwe na yake? Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, baba wa Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu, aliitisha ngoma ya miti huko Muguga mwezi Julai 1922. Inasimuliwa kuwa vijana wapatao 3,000 walihudhuria. Waliokubaliwa kuwa wanachama wa kwanza waliapa mbele ya Ngai kwamba watalinda msitu wa asili, kila mmoja atapanda miti 10 ya kienyeji kwa mwaka, na wataitunza miti popote ilipo. Chama kikaitwa Watu wa Miti.

Kama mwanaisimu, siwezi kulipita jina hili bila kusimama kidogo. Katika sarufi yetu, anayetajwa baada ya kihusishi cha umilikaji ndiye mwenye mali. Tukisema miti ya watu, watu ndio wenye miti. Tukisema watu wa miti, miti ndiyo yenye watu. Baker alipolipeleka jina Ulaya na kulifasiri kwa Kiingereza, neno watu likawa wanaume, na wanawake wakaachwa nje. Ni kweli kwamba hata Muguga walioapa walikuwa vijana wa kiume. Wanawake wa Kenya walisubiri hadi 1977, Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Kiapo kile kilitaja miti ya kienyeji, na hapo ndipo Bonde la Ufa la kati linapohusika. Msitu wetu wa nyanda za juu hauzaliwi upya kwa mkupuo mmoja. Mtarakwa hupenda mwanga. Miche yake huota mahali palipoungua au palipo wazi, wala haistawi chini ya kivuli cha wazazi wake. Ni mpodo na mzeituni mwitu viwezavyo kuvumilia kivuli hicho, vikaota kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege walao matunda. Miongo mingi hupita. Ikiwa miti mikongwe imesalia karibu, na mifugo na wachoma makaa wamezuiliwa, ardhi hujitibu yenyewe kwa kiasi kikubwa. Ikiwa imelimwa miaka na mikaka, mbegu zilizolala udongoni zimekwisha, na mkono wa mtu hauna budi kusaidia. Badala yake, chini ya mfumo wa shamba, wakulima walipewa viwanja misituni walime mahindi na viazi huku wakitunza miche, na miche yenyewe ilikuwa hasa ya saipresi na misonobari. Hilo ni shamba la mbao. Lina faida yake, lakini tusiliite msitu.

Ripoti ya jopokazi la Mau ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa zaidi ya hekta 100,000 za Mau zilikuwa zimepotea, na mito ya Njoro, Makalia na Nderit, ambayo hulilisha Ziwa Nakuru, hutegemea msitu huo. Kule Eburu uzio wa umeme ulikamilika mwaka 2014, na msitu ukapata nafasi ya kupumua. Nausifu uzio, ila hauapi wala haurithishi wana kiapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2017 kuwa haki za Waogiek zilikiukwa walipofukuzwa Mau, nami sioni jinsi tutakavyoirejesha Mau tukiwa tumewaweka kando watu wanaoijua kwa majina ya kila mti.

Baker mwenyewe hakudumu Kenya. Waandishi wa maisha yake husimulia kuwa alijitia kati kumkinga Mwafrika asipigwe na afisa, na wakubwa hawakupendezwa. Alihamia Nigeria, kisha akazunguka dunia: Palestina, Marekani, Nyuzilandi. Katika miaka ya 1952 na 1953 alivuka Sahara akitafuta njia ya kuizuia isienee. Alifariki tarehe 9 Juni 1982 mjini Saskatoon, Kanada, akiwa na umri wa miaka 92. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepanda mti katika uwanja wa chuo kikuu alichosoma ujanani.