Mikono Midogo ya Yohane wa Becchi

Kila mwaka, tarehe 31 Januari, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, padre, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1888 mjini Torino, na kutangazwa mtakatifu na Papa Pius XI katika Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1934. Picha zilizomo katika makanisa yetu humwonesha amevaa kanzu nyeusi, anatabasamu, amezungukwa na watoto. Leo tungependa kuirejea sehemu ya maisha yake ambayo picha hizo haziioneshi: miaka ile alipokuwa mtoto wa mkulima maskini, mwenye viganja vidogo, akijifunza mazingaombwe.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo d'Asti, eneo la Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama Margherita akabaki mjane, akiwa na mama mkwe mgonjwa, watoto wake wawili, na Antonio, mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza. Ulikuwa pia mwaka wa njaa.

Siku za gulio na za sikukuu, wanasarakasi na wacheza viini macho walikuwa wakipita katika miji ya eneo hilo. Walitandika zulia chini, wakapiga baragumu, watu wakakusanyika. Yohane naye alikwenda. Wengine walitazama ili wacheke. Yeye alitazama vidole. Aliangalia mkono wa kushoto unafanya nini wakati watu wote wanaukodolea macho mkono wa kulia, kisha akarudi nyumbani na kujaribu hadi alipoweza. Katika kumbukumbu alizoziandika akiwa mtu mzima anataja kuanguka na kuumia kusikohesabika. Alipofikia miaka 11 alikuwa anacheza mchezo wa vikombe na vitufe, anapiga samasoti, anatembea kwa mikono, na anatembea na kucheza juu ya kamba kana kwamba yuko ardhini.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu watu hudhani kwamba kazi hiyo ni ya wenye vidole virefu. Mcheza kiini macho hukificha kitufe kati ya shina la vidole na kiganja, na mkono mkubwa hukifunika bila taabu. Mkono wa mtoto hautoshi. Akikibana, vidole vinakakamaa na mtazamaji anagundua. Karata ni ngumu zaidi: kwenye kiganja kidogo pembe zake huchomoza pande zote. Basi mwenye mikono midogo analazimika kujifunza mapema jambo ambalo mwenye mikono mikubwa anaweza kuliahirisha kwa miaka. Hana budi kujua mtazamaji amesimama upande gani, macho yake yanakwenda wapi, na ni wakati gani amecheka na kusahau kutazama. Kwa maneno mengine, anajifunza watu kabla ya kujifunza vifaa. Sisi tunaona kwamba Yohane aliipata hapo sehemu kubwa ya elimu yake ya kuwajua vijana, ingawa yeye mwenyewe hakuieleza hivyo.

Vifaa viligharimu fedha. Aliweka akiba ya senti alizopewa na mama yake na jamaa. Aliwatega ndege na kuwauza. Aliokota uyoga na mimea ya kutilia nguo rangi, akaipeleka sokoni. Mama Margherita alijua yote na aliridhia. Tunalitaja hili kwa ajili ya wazazi, kwa kuwa mama huyu hakujua kusoma wala kuandika, na shamba lilihitaji mikono, hata ile midogo.

Onesho lenyewe lilifanyika kwenye uwanja wa majani hapo Becchi. Kamba ilifungwa kwenye mti wa peasi na kuvutwa hadi mti mwingine; palikuwa na meza, mfuko wa vifaa, na zulia chini. Watu walipokwisha kusogea, Yohane aliwaongoza kwanza kusali Rozari, wakaimba wimbo, kisha akapanda juu ya kiti na kuyarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani asubuhi. Kuna waliochoka na kutaka kuondoka. Aliwaachia huru, lakini waliotoroka sala hakuwaruhusu kurudi kuona mchezo. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza: anameza sarafu na kuichukua kwenye ncha ya pua ya mtazamaji, anazidisha mayai, anageuza maji kuwa divai, anachinja na kukatakata kuku ambaye muda mfupi baadaye anawika kuliko kwanza. Mwishoni sala fupi, na kila mtu kwake. Hapakuwa na kiingilio.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma Chieri. Huko alifika mwanasarakasi mmoja aliyecheza siku za Jumapili na kuwavuta wanafunzi wasiende kanisani. Yohane akakubali kushindana naye, kwa dau lililopanda kila mara. Alimshinda mbio, akamshinda kuruka mfereji. Ikaja zamu ya kifimbo. Yohane alitundika kofia kwenye ncha moja, akakisimamisha kifimbo kwenye kiganja, kisha akakirukisha kutoka kidole kidogo hadi gumba, kutoka hapo kwenye kiwiko, begani, kidevuni, midomoni, puani, kwenye paji la uso, na kukirudisha kiganjani kwa njia ile ile. Mwanasarakasi hakuogopa, huo ulikuwa mchezo wake hasa. Alikwenda vizuri mpaka midomoni, lakini pua yake ilikuwa ndefu kidogo, kifimbo kikaigonga, na ikambidi akishike kwa mkono kisianguke. Alishindwa pia kupanda mti. Wanafunzi walikuwa wamemfilisi, wakamwonea huruma. Walimrudishia fedha zake kwa sharti la kuwalipia chakula, nao walikuwa 22.

Jambo zito zaidi lilianzia nyumbani alikopanga. Mwenye nyumba, Tommaso Cumino, alikuwa fundi mshonaji, Mkristo mwema na mpenda utani, na Yohane alimfanyia utani kupita kiasi. Siku moja mzee alikuwa amemwandaa kuku kwa ajili ya wapangaji wake. Sahani ilipofika mezani na kufunguliwa, akaruka jogoo mzima akiwika. Siku nyingine sufuria ya makaroni iliyopikwa kwa muda mrefu ilimwagwa, zikatoka pumba kavu. Divai ikawa maji. Fedha mfukoni zikawa vipande vya bati vyenye kutu. Cumino alianza kuogopa. Binadamu hawezi mambo haya, na Mungu hapotezi muda kwa upuuzi; basi aliyebaki ni shetani. Akampelekea shaka yake padre mmoja, na padre akaifikisha kwa Kanoni Burzio, paroko wa kanisa kubwa la mji.

Msomaji wetu anaweza kucheka, lakini neno hilo anajua uzito wake. Katika jamii zetu pia, mtu akishatajwa kwa uchawi hata kwa mnong'ono, majirani hubadilika. Kwa kijana aliyetamani seminari, shtaka kama hilo lingeweza kuifunga njia yote.

Kanoni alimpokea kwa upole, akayasifu masomo yake, kisha akamwuliza nani aliyemfundisha kujua mawazo ya watu na fedha zilizomo mifukoni mwao. Yohane akaomba dakika tano za kufikiri, na akamwomba amwambie saa. Kanoni akatia mkono mfukoni: saa haipo. Basi amkopeshe sarafu. Mfuko wa fedha nao haupo. Kanoni akapandwa na hasira, akaona ushahidi wa shetani umekuja wenyewe. Ndipo kijana alipoeleza kwa utulivu. Alipoingia, Kanoni alikuwa anampa maskini sadaka, akauacha mfuko kwenye kiti cha kupigia magoti. Alipohamia chumba kingine akaiacha saa juu ya meza. Yohane alivificha vyote viwili, na sasa viko chini ya kifuniko cha taa, pale. Vilikuwepo. Kanoni alicheka sana, akataka kuoneshwa michezo mingine, akamwacha aende na zawadi ndogo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza vikali uchawi na kila jaribio la kuzitumikisha nguvu za giza. Yohane hakuligusa hilo hata kidogo. Tofauti kati yake na wale wanaotoa misumari na hirizi katika miili ya wagonjwa, kisha wakadai malipo, haiko kwenye wepesi wa vidole, kwani vidole vyao huenda ni vyepesi vilevile. Yeye alipoulizwa, alifunua kifuniko cha taa. Wao hawafunui.

Mwaka 1835 alivishwa kanzu ya kikleri akaingia seminari ya Chieri, akiwa ameazimia kuachana na maonesho, kamba na mazingaombwe. Karata zilimshika kwa muda. Hakuwa mchezaji hodari, ila bahati ilimfuata, akawa anaondoka mezani mikono imejaa fedha huku wenzake wamenuna. Aliwahurumia. Lililomsumbua zaidi ni kwamba, alipopiga magoti kusali au alipofungua kitabu, alimwona mfalme wa vikombe na ghulamu wa panga. Katikati ya mwaka wa pili wa falsafa, aliacha.

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre tarehe 5 Juni 1841. Tarehe 8 Desemba mwaka huo, Torino, alipokuwa anajiandaa kuadhimisha Misa, alimkuta kijana yatima, fundi mwashi, Bartolomeo Garelli, aliyekuwa amefukuzwa sakristia kwa kipigo kwa kuwa hakujua kutumikia. Padre alimwita arudi. Baada ya Misa akamwuliza kama anajua kusoma, hajui. Kuandika, hajui. Kuimba, hajui. Simulizi la Wasalesiani linasema akamwuliza mwishoni kama anajua kupiga mluzi, na kijana akatabasamu. Wakapiga magoti, wakaanza na Salamu Maria.