Tom Mboya na Tarehe 15 Agosti

Barabara ya Kangundo, inayopita kando ya mtaa wa Komarock jijini Nairobi, huelekea mashariki hadi Tala. Kaskazini mwa Tala umesimama mlima Kilimambogo. Katika shamba la mkonge la huko ndiko alikozaliwa Thomas Joseph Mboya, mwana wa mnyapara, tarehe 15 Agosti 1930. Kwa Wakatoliki kama wazazi wake, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni.

Siku alipotimiza miaka 17, India ilipata uhuru, naye angali mwanafunzi wa Mang'u ambaye ukosefu wa karo ungemkatizia masomo. Alipotimiza miaka 30, Kongo-Brazzaville nayo ikawa huru. Baina ya siku hizo mbili, mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji alikuwa amekwisha kuongoza vyama vya wafanyakazi, kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, na kuwa mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika mjini Accra akiwa na miaka 28 tu. Pengine lililo kubwa zaidi ni ndege ya mwaka wa 1959, iliyowapeleka Marekani wanafunzi 81. Aliyenyimwa elimu na umaskini aliwatafutia wenzake.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi. Zilikuwa zimesalia siku 41 atimize miaka 39.