Poul Henningsen: Mfinyanzi wa Mwanga

Poul Henningsen alizaliwa mwaka wa 1894 karibu na Copenhagen, Denmark, mwana wa mwandishi Agnes Henningsen. Utotoni aliizoea nuru tulivu ya taa ya mafuta. Umeme ulipoenea, aliuona ukali wa balbu tupu kuwa adha kwa macho. Katika miaka ya 1920, akishirikiana na kampuni ya Louis Poulsen, alibuni taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Vikaificha balbu na kuueneza mwanga kwa upole.

Hata hivyo, hakuwa mbunifu wa taa tu. Alikuwa pia mhariri, mtunzi wa nyimbo za kejeli na mpinzani wa ufashisti. Wakati Wajerumani walipoikalia Denmark na miji ikaamriwa kuzima taa, aliibunia bustani ya Tivoli taa zisizoonekana kutoka angani. Mwaka wa 1943 alilazimika kutorokea Uswidi kwa mashua, gizani.

Vita vilipokwisha alirejea kwao, na mwaka wa 1958 akatoa PH Artichoke, taa yenye majani 72. Alifariki mwaka wa 1967. Taa zake zingali zinatengenezwa, nazo zinashuhudia kuwa mwanga, kama lugha, huhitaji kipimo.