Mtemi Mirambo na baruti ya pwani

Msikilizaji wa Ulyankulu, vita ya Mtemi Mirambo ilipita hapo hapo unapoishi. Agosti 1871 kikosi cha Waarabu wa Tabora, kikiongozwa na Saud bin Said, kilivamia Ulyankulu na kubeba pembe za ndovu na watu. Njiani kurudi Zimbizo, Mirambo alikuwa amejilaza na watu wake kwenye majani marefu. Saud hakufika. Mwezi huo huo Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe.

Alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Nguvu yake ilikuwa rugaruga, vijana wenye bunduki za gumegume. Bunduki bila baruti ni rungu tu, na baruti ilipanda kwa misafara kutoka pwani.

Baruti ile ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa ya miti na salfa kidogo. Ukifunika jiko la mkaa moto unazimika, kwa sababu mkaa unategemea oksijeni ya hewani. Shura imebeba oksijeni yake ndani. Ndiyo maana baruti huwaka hata ikiwa imeshindiliwa kwenye mtutu, tena kwa kufumba na kufumbua, na moshi wake unasukuma risasi. Oksijeni ina pupa ya kuungana na vitu vingine. Klorini nayo ni hivyo hivyo, na pupa hiyo ndiyo inayoua vijidudu unapotia dawa kwenye ndoo ya maji. Ila baruti ikilowa haiwaki, na masika ya kwetu mnayajua.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mirambo alipofunga njia ya Tabora aliwaumiza wafanyabiashara, lakini baruti nayo ilipita njia hiyo hiyo. Nadhani hili lilichangia akubali amani. Aprili 1876, alipochanjiana damu na Stanley, ambaye mwaka 1871 alipigana upande wa Waarabu, tayari alikuwa amepatana na Tabora.

Alitaka pia urafiki wa Waingereza. Mwaka 1880 Carter na Cadenhead, Waingereza wawili, waliuawa vitani Pimbwe mikononi mwa askari wake na wa mshirika wake, na urafiki ukavunjika.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo alirithi utemi, lakini kabla miaka kumi haijaisha Wajerumani walikuwa wameshika Tabora.